Chaza wa Shangazi Losaline

Kila Jumamosi Losaline alifagia ua wake, ingawa hakukuwa na mtu wa kuuchafua. Alikusanya majani ya mshelisheli, akayachoma, akanawa mikono. Kisha alikaa barazani na kusuka mkeka. Alipochoka kusuka, aliwasha redio. Redio ilipoanza kurudia habari zile zile, aliizima.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali. Wanawe wawili waliijenga kwa pesa za jasho lao la Nyuzilandi, wanakoishi na watoto wao. Ilikuwa na vyumba vitatu, viwili vikiwa vimefungwa. Humo mlikuwa na vitanda vyenye shuka safi. Losaline alizifua shuka hizo kila mwezi, nazo hazikuwa zimelaliwa na mtu. Mume wake, Kepu, alikuwa makaburini kwenye mchanga mweupe. Wanawe walipiga simu Jumapili baada ya kanisa, wakaongea haraka haraka, wakaaga.

Lakini pale kisiwani Houmatoa Losaline hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa shangazi. Na kwetu Tonga shangazi si mchezo. Yeye ni mkubwa kuliko baba. Akiingia nyumbani kwa kaka yake akasema, "Kile kiti nakipenda," basi kiti kinabebwa kinapelekwa kwake, na hakuna wa kukunja uso. Watoto wa kaka wakizaliwa, yeye ndiye huwapa majina. Kaka yake Losaline alikuwa amekufa. Aliyebaki kijijini ni mpwa wake, Maile, na mke wa Maile, Sela.

Palipokuwa na karamu, Losaline aliketishwa mbele, juu ya mikeka mizuri. Mbele yake kiliwekwa kitu kikubwa kuliko vyote. Houmatoa kitu hicho kilikuwa chaza. Nisieleweke vibaya. Chaza wa kwetu si wale wa kutia kiganjani. Mkubwa wao hatoshi kwenye beseni, na mwanaume mzima humbeba akiinama.

Losaline hakuweza kummaliza chaza wa namna hiyo. Hata robo hakuimaliza. Kwa hiyo karamu ikiisha, watoto wa ukoo walimbebea mabaki mpaka kwake. Wakifika waliingia, wakakaa, wakala pamoja naye. Walicheka, waligombana, walimwaga maji sakafuni. Nyumba ilijaa sauti mpaka jioni. Losaline alizisubiri siku hizo mwaka mzima.

Zamani chaza walikuwa wengi. Losaline alipokuwa msichana, maji yakipwa, ulitembea kwenye mwamba ukiangalia vizuri pa kuweka mguu. Kisha zikaja boti za mashine. Wakaja vijana wenye miwani ya kuzamia. Wakaja wanunuzi kutoka mjini. Kila mwaka chaza waliosalia wakawa mbali zaidi, kwenye maji marefu zaidi. Mwishoni mtu alizamia asubuhi nzima akarudi na mmoja.

Ndipo akaja Uini, afisa wa uvuvi. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini. Aliongea taratibu, na alikula kila alichopewa, kwa hiyo watu walimpenda. Aliwakusanya watu kwenye ukumbi wa kanisa.

"Chaza hatembei," Uini alisema. "Jogoo akitaka mwenzake, anamfuata. Chaza hawezi. Yeye humwaga mbegu zake majini, na mwenzake naye humwaga zake. Zikikutana, watoto wanapatikana. Zisipokutana, zinapotea baharini."

"Wakiwa mbali kiasi gani hazikutani?" Maile aliuliza.

"Kutoka hapa nilipo mpaka hapo mlangoni, tayari ni mbali. Sasa hawa wenu waliobaki, mmoja yuko kule rasini, mwingine nyuma ya kisiwa. Kila mwaka wanamwaga mbegu. Kila mwaka hakuna wa kuwajibu."

Losaline alikuwa ameketi nyuma kabisa. Aliona haya kumwonea huruma chaza, lakini alimwonea.

Kijiji kikakubaliana. Chaza waliobaki watafutwe popote walipo. Waletwe kwenye maji mafupi, mbele ya kijiji, wapangwe duara. Mtu yeyote asivue hapo. Maile alipewa kazi ya ulinzi kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na maji.

Uini aliwaonyesha jinsi ya kuwapanga. "Mgongo chini, mdomo juu," alisema. "Ndani ya nyama ya chaza mna vimimea vidogo sana, havionekani kwa macho. Vikipata jua, vinampikia chakula. Mkimlaza kifudifudi, atakufa njaa. Na wawe karibu karibu, kama watu kanisani siku ya Pasaka."

Wakafanya hivyo, na duara likapendeza. Maji yalipotulia uliwaona wote wamefungua midomo, wengine ya buluu, wengine ya kijani, wengine ya hudhurungi.

Mwaka ukapita. Ukapita wa pili na wa tatu. Uini alikuja kuangalia watoto wa chaza, asiwaone. Watu wakaanza kunong'ona kwamba serikali imewadanganya.

Siku moja Uini alizamia asubuhi nzima. Alipotoka majini aliketi ukingoni mwa boti, akavua miwani. Maile alikuwa ameshika kamba ya boti.

"Wale wakubwa wako wapi?" Uini aliuliza.

"Wakubwa gani?"

"Wakubwa tuliowaleta, Maile. Tulileta wengi. Nimeona wawili tu. Waliobaki ni wadogo na wa kati. Nani anawaiba?"

"Hakuna aliyeiba," Maile alisema. Alikasirika kwelikweli. "Mimi nalinda hapa usiku na mchana. Mtu akivua hapa akauze, namvunja mguu."

Na alisema kweli. Jioni ile watu walikutana ukumbini, na kila mmoja akaeleza bila kuficha. Chaza mmoja alikwenda kwenye msiba wa mzee wa kanisa. Wengine walikuwa wa mchungaji, wiki ya maombi. Mmoja alipelekwa harusini. Na kila ukoo ulikuwa umempa shangazi yake. Ukoo wa Maile pia ulikuwa umempa Losaline.

"Hiyo si kuiba," mzee mmoja alisema. "Hiyo ni heshima. Ulitaka nimpe mchungaji chaza mdogo? Afadhali nimpe mgongo."

Uini alivuta pumzi. "Nisikilizeni," alisema. "Hili sikuwaeleza vizuri. Chaza akianza maisha ni dume. Wote ni madume. Akiwa mdogo ni dume, akiwa wa kati bado ni dume. Mpaka awe mkubwa sana, apate miaka kumi hivi, ndipo anaanza kuwa na mayai. Na kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo mayai yanavyozidi. Sasa nyinyi kila karamu mnachagua mkubwa kuliko wote. Mmekuwa mkiwala mama."

"Kwa hiyo pale kwenye duara," alisema Kalisi, jirani yake Losaline, mjane mwenye mdomo usiopumzika, "wamebaki wanaume?"

"Wanaume, na mama wawili."

"Basi ni kambi ya wachuma matufaha ya Nyuzilandi. Wanaume wamejaa pomoni na hakuna wa kuwasalimia."

Watu walicheka. Lakini nusu ya wanawake mle ndani waume zao walikuwa kwenye kambi hizo hizo, kwa hiyo kicheko hakikukaa.

"Hao wawili wakiondoka, duara limekwisha," Uini alisema. "Nimezunguka visiwa vyote vya karibu. Sina wengine wakubwa wa kuwaletea."

Losaline na Kalisi walirudi nyumbani pamoja. Walitembea bila haraka, mikeka ya kufungwa kiunoni, vazi letu la heshima, ikiwapigapiga magotini.

"Wiki ijayo binti wa Maile anatimiza mwaka," Kalisi alisema.

"Najua. Jina lake Siale nimempa mimi."

"Basi unajua pia nani atakaa mbele, na atawekewa nini."

Losaline alikaza mkeka wake kiunoni.

"Atakuletea mmoja wa wale wawili," Kalisi aliendelea. "Hana jinsi. Asipokuletea, watasema ana shangazi lakini hana adabu. Na Sela ana mimba nyingine. Unajua wanavyosema, shangazi akinuna mtoto hatoki vizuri."

"Hayo ni mambo ya kizamani."

"Ya kizamani, ndiyo. Lakini sijaona mwenye mimba anayetaka kuyajaribu."

"Basi nitamwambia asilete."

"Umwambie kabla hajaleta? Watasema shangazi anakumbusha zawadi yake. Umkatalie akiisha kuleta? Utakuwa umemtukana mbele ya watu, na kwenye sherehe ya mtoto wake wa kwanza."

"Sasa wewe ungefanya nini?"

"Mimi ningekula," Kalisi alisema. "Lakini mimi nina meno."

Wakaagana langoni. Losaline aliingia ndani, akaketi, asiwashe redio.

Tuseme ukweli. Nyama ya chaza yenyewe hakuipenda sana. Ni ngumu, na meno yake yalikuwa yamepungua. Alichokipenda ni wale watoto waliombebea. Bila chaza hakuna mabaki. Bila mabaki hakuna wa kubeba. Na bila wa kubeba, nani angeingia kwa mlango ule? Wanawe walikuwa mbali. Watu wa kijijini walimheshimu sana, na mtu akiheshimiwa sana, watu hawaji kwake kupiga soga. Losaline aliogopa kusahaulika. Aliogopa hilo kuliko alivyoogopa kufa.

Siku zikapita, naye hajaamua kitu. Ikafika siku moja kabla ya sherehe. Asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa. Losaline alitoka kutupa takataka, akamwona Maile baharini, maji yakimfika kiunoni. Alikuwa peke yake. Aliinama, akazamisha kichwa, akainuka taratibu. Tumboni alikuwa amekumbatia chaza mkubwa.

Losaline hakujua kama miguu yake ilikuwa ikienda. Alijikuta ufukoni, kisha majini, gauni limelowa mpaka magotini.

"Maile."

Maile alishtuka. Uso ulimbadilika kwa aibu. Zawadi ya shangazi haionwi na shangazi kabla ya siku yake.

"Shangazi, hukutakiwa kuona. Ilikuwa ya kesho."

"Huyo ni wa nani?"

"Ni wako."

"Si wa mchungaji?"

"Mchungaji ana nguruwe. Huyu ni wako."

"Wangu kabisa?"

"Shangazi, tangu lini nimekupa kitu nusu?" Alimkumbatia chaza upya, maana alikuwa akimteleza.

"Basi nimempokea," Losaline alisema. "Asante, mwanangu. Umenipa kilicho kikubwa kuliko vyote. Sasa kwa kuwa ni wangu, namweka ninapotaka mimi. Mrudishe pale ulipomtoa."

Maile alisimama tu, maji yakimtiririka usoni.

"Na yule mwenzake," Losaline alisema, "nampenda."

Shangazi akisema anapenda, kitu kimeshakuwa chake.

"Na yeye akae pale pale, karibu na mwenzake. Wote wawili ni wangu. Atakayewagusa, amegusa mali ya shangazi yako."

"Na kesho nitaweka nini mbele yako?" Maile aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Watu watanionaje?"

"Weka nguruwe."

"Nguruwe kila mtu anawekewa, Shangazi."

"Na mimi niwekewe."

Maile alirudi mpaka kwenye duara, akainama, akamweka chaza chini.

"Mgongo chini," Losaline alimwambia. "Msogeze kidogo. Karibu na mwenzake. Hapo hapo."

Kesho yake karamu ilikuwa kubwa. Palikuwa na nguruwe wa kubanika, viazi vikuu, na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui kwenye tanuri la shimo. Losaline aliketi mbele. Mbele yake palikuwa na nguruwe mdogo, kama wa wengine. Watu walipita wakatazama, wakatazamana. Alisikia mwanamke mmoja akinong'ona, "Kumbe siku hizi ni hivi?" Sela aliinamisha kichwa, mkono tumboni. Losaline alitafuna kiazi ambacho hakusikia ladha yake.

Msemaji wa ukoo akasimama kutangaza zawadi, kama ilivyo desturi. Maile alimsogelea akamnong'oneza. Msemaji alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. Maile akarudia.

"Zawadi ya shangazi," msemaji alitangaza, "ni chaza wawili, wakubwa kuliko wote waliobaki Houmatoa. Wako baharini na watakaa baharini. Ni mali ya shangazi."

Kila mtu pale alijua maana yake. Sheria ya serikali unaweza kuikwepa. Mali ya shangazi wa mtu haiguswi.

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, na chakula kikaendelea. Lakini karamu ilipoisha hapakuwa na mabaki ya kubebwa. Sela alimfungia Losaline kipande cha nyama na kiazi kwenye jani la mgomba. Furushi lilikuwa jepesi, akalibeba mwenyewe. Watoto walibaki kucheza mpira. Losaline alikwenda nyumbani peke yake, na njiani alilia. Alijifuta kwa ncha ya mkeka wake wa kiunoni. Hakuna aliyemwona.

Tangu siku ile mambo yalibadilika kijijini. Koo nyingine hazikutaka kushindwa heshima na ukoo wa Maile. Kila penye karamu, msemaji alitangaza chaza wa shangazi, naye chaza akabaki majini. Waliokuwa wa kati wakapata wenyewe, na hakuna aliyewagusa, wakazidi kukua. Hata mchungaji alitangaziwa chaza wake aliye baharini, akaletewa kuku. Hakufurahi sana, lakini aliomba na kula.

Sela alijifungua mtoto wa kiume bila shida yoyote. Baada ya hapo Maile akawa anakwenda Nyuzilandi kila msimu kuchuma matufaha, kama wenzake. Ulinzi wa duara ukabaki kwa Losaline, kwa kuwa wale mama wawili walikuwa wake.

Uini alimfundisha kazi. "Mwani ukiwafunika, ung'oe, ili wapate jua," alimwambia. "Ukiona konokono wadogo wamejibanza chini ya chaza, waondoe. Wanamtoboa na kumnyonya mpaka afe."

Kila maji yalipokupwa Losaline alishuka na ndoo yake. Aling'oa mwani, aliokota konokono. Baadaye alianza kuwasalimia chaza. Msimcheke. Nyumbani hakukuwa na wa kumsalimia asubuhi, na hawa angalau kivuli chake kikipita juu yao walifunga midomo, kisha wakaifungua tena.

Alasiri moja, baada ya Krismasi, jua lilikuwa kali na bahari imelala. Losaline alikuwa ufukoni. Aliona chaza mmoja wa kati akijikunja na kurusha maji meupe. Jirani yake akafuata, kisha na jirani wa jirani. Mwishowe mmoja wa wale mama wawili akajifunga kwa nguvu na kumwaga wingu zito. Maji ya duara yakawa kama maji ya kuoshea mchele. Losaline aliogopa wasije wakawa wanakufa. Alimpigia Uini simu.

"Mama, uko majini?" Uini aliuliza.

"Niko mchangani."

"Usiingie. Kaa hapo hapo uangalie. Hawafi. Wanazaa." Uini alikuwa akiongea haraka. "Mmoja akianza, wenzake wanapata harufu yake kwenye maji, nao wanatoa. Wanaitana, mama. Ndiyo maana tuliwaweka karibu."

"Watoto nitawaona lini?"

"Si leo wala kesho. Wataelea majini kwa wiki moja hivi, wadogo kuliko vumbi. Wengi wataliwa na samaki. Watakaobaki watashika mwamba mahali fulani. Usiwatafute hapa. Watafute upande ambao mkondo wa maji unaelekea. Na uwe na subira, itachukua mwaka, au miwili."

Losaline alikaa. Aligeuka nyuma kutafuta mtu wa kumwonyesha. Ufuko ulikuwa mtupu, watu wamejipumzisha na joto. Alitamani mtu yeyote awepo. Hata Kalisi na maneno yake. Alitazama mpaka maji yakawa meupe kidogo, kisha safi, kisha kama hakuna kilichotokea. Akarudi nyumbani.

Mwaka ule ukaisha bila kitu. Uini alikuja, akatafuta, akaondoka. Mwaka uliofuata, msimu wa baridi, maji yalikupwa sana. Losaline na Kalisi walikwenda kuokota mwani wa kula, kwenye mwamba wa ng'ambo ya rasi, mkondo unakoelekea. Kalisi alikuwa akiongea. Alimsema mkwe wake, akamsema mchungaji, akarudi kwa mkwe. Mara akanyamaza.

Losaline aliinua kichwa. Kalisi kunyamaza si jambo la kawaida.

"Losaline," alisema, "njoo hapa. Kanyaga taratibu."

Kwenye ufa wa mwamba palikuwa na chaza mdogo, saizi ya kiberiti. Mdomo wake ulikuwa wa buluu. Losaline akapiga magoti majini. Kando yake alikuwapo mwingine. Wa tatu alikuwa wa kijani, amejificha chini ya matumbawe. Walitambaa kwa magoti kama watoto, wakiwatafuta, na kila ufa walioutazama ulikuwa na mkaaji.

"Sijamwona mdogo namna hii tangu nilipoolewa," Kalisi alisema, na akaanza kulia. Losaline naye akalia. Walishikana mikono, wazee wawili, magoti yakiwauma.

Uini alikuja na wenzake wakapima mwamba wote.

"Hawa wamezaliwa hapa," aliwaambia watu ukumbini. "Hakuna mtu aliyewaleta. Lakini hii ni dalili, si mavuno. Hawa wote ni madume bado. Wakipita miaka kumi ndipo watakuwa mama. Mkianza kuwala leo, mtarudi kule kule mlikotoka."

"Nani kasema tunawala?" mzee mmoja aliuliza. "Hata shangazi zetu hawajawala."

Mwamba wa ng'ambo ya rasi nao ukafungwa. Safari hii hapakuwa na ubishi.

Siku ile Losaline alimpigia Maile. Maile alikuwa kambini, mvua ikipiga bati. Nyuma yake zilisikika sauti za wanaume na sufuria.

"Wamezaliwa," Losaline alisema.

"Wangapi?"

"Nilihesabu mpaka nikachoka."

Maile akasema, "Shangazi, hao wakikua, mimi mwenyewe nitakuchagulia mkubwa kuliko wote. Nitakuletea kwa mikono yangu."

"Usiniletee kitu."

"Shangazi?"

"Maile, mimi sikuwahi kuwa na hamu na chaza. Nilikuwa na hamu na nyinyi. Chaza alikuwa sababu ya nyinyi kuja. Wewe unanipa heshima, na ni nyingi, asante. Lakini heshima mnaileta mara moja kwa mwaka, na siku nyingine zote naongea na redio."

Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo. Alisikia mvua ya Nyuzilandi kwenye simu.

"Hata mimi huku naongea na redio," Maile alisema. "Msimu unaisha mwezi ujao. Nije na nini?"

"Njoo na miguu yako."

Mwezi uliofuata Maile alishuka botini. Mizigo aliiacha kwa Sela, hata hakuifungua. Akawashika mikono Siale na mdogo wake, wakapita katikati ya kijiji. Watu waliokuwa barazani waliacha kuongea. Mpwa ametoka ng'ambo, anakwenda kwa shangazi yake bila hata mkate. Houmatoa hawakuwahi kuona kitu kama hicho.

Alipofika mlangoni aliwaachia watoto. Hapo akabaki na mikono yake, asijue aiweke wapi. Aliificha nyuma, akaileta mbele.

"Shangazi," alisema, "sina kitu."

"Naona," Losaline alisema. "Ingieni."

Wakaingia. Siale alipanda kwenye kiti kikubwa, mdogo wake akang'ang'ania redio. Maile alipewa chai, akainywa, akaeleza habari za kambini. Alieleza baridi ilivyomla vidole, na jinsi alivyomwota baba yake. Losaline alisikiliza yote. Kikombe kilipokwisha alingoja Maile ainuke kuaga, kama watu wanavyofanya kwa shangazi.

Maile akasukuma kikombe mbele. "Ipo nyingine?" aliuliza.